Juu Baridi, Chini Joto

Mwalimu Isidore alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo aliipenda kuliko alivyowapenda watu wengi. "Juu baridi, chini joto. Katikati joto, nchani baridi." Miaka zaidi ya ishirini aliwaimbisha wanafunzi wa sekondari kule Fizi-Centre maneno hayo, wamesimama wima, mikono nyuma, na asiyeimba alionja rula ya mbao kwenye vidole. Ukipanda kutoka ziwani kwenda Fizi, unavaa koti. Ukishuka Baraka, unalivua. Ukienda kwenye ncha za dunia unakuta barafu, ukirudi ikweta unatukuta sisi tunavuja jasho. Nani atabisha? Watoto walimpa jina la Juu-Baridi. Alijua, akajifanya hajui, na moyoni alilifurahia.

Mtu wa namna hiyo vita haimfundishi kitu. Itamchomea nyumba, itamla mbuzi, lakini kanuni zake atatoka nazo nzima nzima. Mwaka wa 1999 Isidore aliikimbia Fizi amebeba vitu viwili: binti yake Aline mgongoni, na daftari la pointi za wanafunzi kifuani, chini ya shati. Daftari ndilo lililorudi.

Tangu hapo aliishi Baraka, akafundisha Baraka, akawa mkali kuliko mwanzo. Kwa desturi yetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, hata mtoto akifa, na majirani waliendelea kumwita Papa Aline. Mkewe Émilienne hakumwita hivyo tena. Alimwita "mwalimu", kama mtu baki aliyekuja kuuliza njia. Hakuna aliyemuuliza sababu. Watu walidhani ni uchungu, wakamwachia uchungu wake.

Sasa sikilizeni. Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza, mwaka 2008, mtu mrefu alisimama mlangoni pao na koti refu la watu wa milimani, katika joto la Baraka. Alikuwa ametembea siku mbili kushuka kutoka juu. Majirani waliacha kutwanga. Wakati ule, vita ikiwa imewagombanisha wafugaji wa juu na watu wa chini, mtu wa juu kuonekana Baraka peke yake, bila wenzake, bila askari, lilikuwa jambo la kutazamwa mara mbili, na kuna waliokuwa wanatazama vibaya tangu mara ya kwanza.

"Hodi, mwalimu. Mi ni Gisaro."

"Ninakujua," Isidore akasema. "Umezeeka."

"Na we pia."

Mikono yake ilikuwa mitupu. Watu wa juu wakienda kwa mtu kumwomba jambo hubeba maziwa, hata kidogo, hata kwenye chupa ya soda. Gisaro hakubeba kitu, na Isidore aliliona hilo upesi. Huyu hakuja kuomba.

"Nataka kupita ekzamen ya leta mwaka huu," Gisaro akasema akiwa bado amesimama, maana hakukaribishwa. "Nilijisomea mi mwenyewe, miaka yote hii. Biro ya inspekta iko naomba pointi za mwaka wa tano. Uliniwekea zero ya jeografia. Na ile zero jumla yangu haifike nusu. Makaratasi ya shule yaliungua yote, imebaki daftari yako. Banafunga kupokea mafaili siku ya tano."

Siku ya tano, yaani Ijumaa. Bila pointi zile asingeruhusiwa kufanya mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na miaka kumi na mmoja ya kujisomea kwa mwanga wa moto wa kuni ingekwenda na maji, na angerudi juu kuchunga ng'ombe wa watu wengine. Alieleza hayo yote bila kulainisha sauti hata kidogo.

Isidore alisikia raha, na msinilazimishe kusema alisikia kitu kingine. Aliisikia raha hiyo tumboni, kama mtu mwenye njaa aliyesikia harufu ya samaki. Mmoja wa watu wale alikuwa mbele yake anamhitaji. "Mutoto wangu alikufa," akasema. "Bantu benu ndio balimuua. Na we unakuja kwangu kutafuta pointi?"

"Sikumuona mutoto wako."

"Bantu benu."

"Na benu baliua mudogo wangu na mama yangu mukubwa," Gisaro akasema. "Tukae hapa tuhesabu?"

"Enda kwenu."

"Nitarudi Ijumaa. Nitakuwa kwa prefe." Akageuka. Nje, vijana wawili waliokuwa wameegemea baiskeli walimfuata kwa macho mpaka kona ya barabara ya Lweba, kisha mmoja akaokota jiwe, akalipimapima mkononi, akabaki nalo.

Hiyo zero nayo ina habari yake. Ilikuwa mwezi wa sita, 1996, mtihani wa mwisho wa mwaka. Swali lilikuwa jepesi: kati ya mahali pa juu na mahali pa chini, wapi pana baridi zaidi? Eleza. Wote waliandika kanuni. Gisaro, kijana wa miaka kumi na minane, akaandika: inategemea saa. Aliandika kwamba kwao, usiku wa kiangazi, ndama hawalazwi bondeni. Mchana bonde lina joto, ndiyo, lakini usiku wa mbingu nyeupe, bila wingu, baridi hushuka ikajaa bondeni kama maji kwenye beseni, na asubuhi majani ya chini yameungua kwa barafu, ya mgongoni mwa kilima ni mabichi. Ndiyo maana mchungaji mwenye akili hupandisha ndama, hawashushi.

Isidore aliyasoma majibu hayo mbele ya darasa zima. "Profesa wa ng'ombe," akasema, na darasa likacheka, maana mwaka ule kumcheka mtu wa juu kulikuwa rahisi na hakukuwa na adhabu. Gisaro alinyanyua mkono aeleze. Isidore akampigisha magoti kwenye sakafu ya changarawe, akaandika zero kwa wino mwekundu, akamwacha pale mpaka kengele. Miezi minne baadaye vita iliingia na shule ikafungwa. Hakukuwa na mtu wa kukata rufaa kwake.

Jumanne prefe Henri, mkuu wa shule, alimwita Isidore ofisini. Prefe alikuwa mtu mnene mwenye kupenda amani kwa sababu vita ilikuwa imemchosha miguu. "Sikiliza, mwalimu," akasema. "Sheria inakuruhusu kubadilisha pointi, ila uandike sababu na utie sinyatire mbele yangu. Andika tu: kosa la kujumlisha. Muwekee tano, ende kwao. Bale vijana ba pale barabarani watamupiga mawe, na mi sitaki damu ku mulango ya shule."

"Mi sijawahi kukosea kujumlisha," Isidore akasema. "Maisha yangu yote."

"Nani anakuuliza maisha yako? Ni mustari moja."

"Zero ilikuwa zero."

Prefe akafuta jasho shingoni, akamwambia aende akalale juu ya ubishi wake, na akiamka nao, basi, shauri yake.

Jumatano jioni, kabla ya kula, Isidore alikaa mlangoni na redio yake sikioni. Émilienne alikuwa kwenye mkeka anachambua ndakala, dagaa wa ziwani, anatupa vichwa upande. Redio ya ng'ambo ilikuwa na kipindi cha sayansi, na kipindi hicho Isidore hakukikosa, kwa sababu alipenda kuwasahihisha. Siku hiyo walizungumzia Zohali, ile sayari kubwa yenye pete, ambayo yeye alizoea kuiita kwa Kifaransa. Kuna chombo kilikuwa kinaizunguka, wakasema, kina kifaa cha kupima joto kutoka mbali. Mwaka mmoja wa Zohali ni karibu miaka thelathini ya kwetu, kwa hiyo hata masika yake na kiangazi chake ni virefu mno. Ncha yake ya kaskazini ilikuwa gizani. Jua halikuwa limeigusa kwa zaidi ya miaka kumi na miwili.

Isidore akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nchani baridi. Alikuwa anajua watakachosema.

Wakasema pale nchani kabisa, katikati ya giza lile, kumekutwa doa la joto. Joto lenyewe ni la kule, mtu wa hapa angeganda akiwa bado anashangaa, lakini pale ni joto kupita sehemu zote zinazopazunguka. Ncha ya kusini nayo ina doa kama hilo, ila kusini kulikuwa na jua na watu walipata la kusingizia. Kaskazini hapakuwa na la kusingizia. Hewa inashuka pale kutoka juu, wakaeleza, na ikishuka inabanwa, na ikibanwa inapata moto, kama pampu ya baiskeli ukiipiga sana. Kisha wakamweka mtaalamu mmoja aseme mwenyewe, na yule mtu alikuwa anacheka. Hatukutegemea kabisa, akasema. Tulikosea wote. Na akacheka tena, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi.

Isidore akaizima redio kwa nguvu mpaka kitufe kikalia.

"Banasema nini?" Émilienne akauliza bila kunyanyua kichwa.

Alitaka kusema si kitu. Lakini mwalimu ni mwalimu, ukimuuliza swali anajibu hata akiwa na hasira. Akamweleza yote, pete, ncha, giza, pampu. "Kumi na miwili," akasema. "Giza imeingia kule mwaka moja mbele ya vita kuingia kwetu. Na pale ndipo penye joto. Na yule muntu anacheka. Anakosea mbele ya dunia nzima, na anacheka."

"Labda hakuna aliyekufa," Émilienne akasema.

Mikono yake haikusimama. Ndakala, kichwa, ndakala, kichwa. Isidore akahisi kitu kinamjia na akakiona mbali kabla hakijafika.

"Ile kanuni ni ya dunia," akasema upesi. "Haya mambo ya Zohali hayatuhusu."

"Na dunia je? Itombwe haiko dunia?"

Miaka karibu tisa alikuwa amewaambia watu kwamba Aline aliuawa na vita, na hakusema uongo, maana kama si vita wasingekuwa kule. Alipenda kusema ni bale ba juu waliomuua, na watu wakamwamini kwa sababu walikuwa tayari kuamini. Lakini risasi haikumgusa yule mtoto. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, siku ya tatu tangu watoke Fizi, juu kabisa kwenye milima ya Itombwe ambako miti imeisha na ni majani tu. Walikuwa familia tano. Jioni walifika kwenye mgongo wa kilima, wakakuta zizi la wachungaji lililoachwa, lenye mavi makavu ya ng'ombe ya kuwashia moto. Familia nne zikatua mizigo. Émilienne naye akatua.

Isidore akakataa. Upepo ulikuwa unapiga, Aline alikuwa na homa kidogo, na yeye alikuwa mwalimu wa jeografia. Hapa juu mtoto ataganda, akasema. Juu baridi, chini joto. Akawashusha mkewe na mtoto bondeni, kwenye majani laini kando ya kijito, mahali ambapo upepo haufiki. Na kweli, jioni palikuwa pazuri, pametulia, ungesema ndani ya nyumba. Alijipongeza. Akamfunika Aline na kanga mbili, akalala.

Alfajiri majani yote ya bondeni yalikuwa meupe. Aline alikuwa mgumu. Alikuwa na miaka minne. Isidore alimbeba akapanda kilima mbio, kama vile kupanda kungesaidia kitu, na katikati ya mteremko akaona mstari. Chini yake majani meupe, juu yake majani mabichi, umenyooka kama uliochorwa na rula yake mwenyewe. Kule juu kwenye zizi watoto wa wenzake walikuwa wanalia njaa, wazima. Alisimama juu ya mstari ule na mtoto mikononi, akakumbuka karatasi ya Gisaro, neno kwa neno, mpaka beseni. Kisha akaendelea kupanda, na hakumwambia mtu.

"Nilikuona pale uliposimama," Émilienne akasema. "Nilikuwa nyuma yako. Na mi niliona ule mustari. Nikasema moyoni, ataniambia leo. Nikasema, ataniambia tukifika. Tukazika, ukasema ni homa. Tukarudi, ukasema ni bale. Nikangoja."

"Na kwa nini haukubisha ile jioni? Ulikuwa umetua muzigo!" Sauti yake ilipanda. Alitaka kugombana, alitamani sana wagombane. "Ungebisha!"

"Nani anabisha na we?" Émilienne akasema. Akachukua beseni la samaki akaenda jikoni, na usiku ule alimpa chakula, akakaa upande mwingine wa mkeka. Isidore alimchukia. Alimchukia yeye, na yule mtaalamu mwenye kicheko, na Gisaro kuliko wote, kwa sababu Gisaro alikuwa amejua. Alikaa na chuki hiyo Alhamisi nzima. Aliwapiga wanafunzi watatu rula, na walipoanza kuimba kanuni aliwanyamazisha katikati. Walifikiri ni mgonjwa.

Ijumaa saa nne Gisaro alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya prefe, koti limefungwa mpaka shingoni. Wale vijana wa baiskeli walikuwa sasa saba, nje ya uzio wa miti, na mawe hawakuyaficha tena. Isidore akapita katikati yao, rula mkononi na daftari chini ya shati, kifuani, vilevile alivyolibeba zamani. Alimpita Gisaro bila salamu.

Ndani, prefe akamsukumia kalamu. "Kosa la kujumlisha," akamkumbusha kwa upole. "Mustari moja, mwalimu."

Isidore akaweka rula mezani, akafungua ukurasa wa mwezi wa sita, 1996. Wino mwekundu ulikuwa umekuwa kahawia. Akakata zero kwa mstari mmoja, akaandika kando yake kumi kwa kumi. Halafu akaandika sababu kwenye karatasi ya shule, polepole, kwa mwandiko wake wa ubaoni, na prefe alimwona akiandika zaidi ya mstari mmoja akaanza kuhema. Iliandikwa hivi: *Jibu la mwanafunzi lilikuwa sahihi, na mwalimu ndiye aliyekosea. Usiku wa kiangazi bondeni ni baridi kuliko mgongoni mwa kilima. Nimelihakikisha mwenyewe, Itombwe, Julai 1999.* Akatia sahihi.

Prefe akasoma mara mbili. Akapiga muhuri. Kisha akamwita Gisaro ndani.

Gisaro alisoma akiwa amesimama. Alitafuta kwanza namba, akaiona. Halafu akarudi kwenye maneno, na akakaa nayo muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe.

"Julai ya kiangazi," akasema mwishowe. "Ulihakikisha na nini? Ulikuwa na terimometa?"

"Na mutoto," Isidore akasema.

Nje vijana walikuwa wanapiga miluzi. Prefe aliangalia meza yake. Gisaro akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo juu yake.

"Miaka ngapi?"

"Ine."

"Mwalimu," Gisaro akasema, "usifikiri nitakusamehe. Sikuja juu ya ile. Nilinyanyua mukono ile siku. Nilitaka kukueleza kila kitu, hata namna ya kutambua ile mibonde mibaya, baba yangu alinifundisha. Ukanipigisha magoti mpaka kengele." Akageukia mlango. "Ni kitu ya dakika mbili tu, kuieleza."

Isidore akafunga daftari. Alichukua rula yake juu ya meza ya prefe, akatoka mbele, na Gisaro akatoka nyuma yake. Wale vijana saba, watano kati yao alikuwa amewafundisha, na aliwaita kwa majina mmoja mmoja, kwa sauti ya darasani, mpaka mawe yakaanguka chini. Akatembea mbele ya Gisaro mpaka nyumba za mwisho za barabara ya Lweba. Hawakuagana. Gisaro alimpita akaenda zake, na Isidore alimtazama mpaka lile koti likapotea kwenye kona, akimchukia bado, lakini sasa hakuwa na la kusingizia.

Nyumbani Émilienne alikuwa pale pale kwenye mkeka.

"Uliandika nini?" akauliza.

Akamwambia, neno kwa neno, mpaka mwezi na mwaka. Hakuongeza kitu na hakujitetea. Émilienne akasikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakumshika mkono. Akavuta beseni karibu, akachukua samaki mwingine, akakata kichwa.

"Papa Aline," akasema, bila upole wowote, "funga mulango. Mbuzi zitaingia."

Isidore akaenda mlangoni. Alisimama pale na mkono kwenye komeo, mgongo kwa mkewe, na mlango akashindwa kuufunga, kwa sababu alikuwa analia na hakuona komeo liko wapi.